Mwaka Barafu Ilipounguza Mihogo Yetu

Siku hizi wageni wakija shambani kwetu, wanaume ndio wa kwanza kusimulia. Eti walifika hapa pakiwa majani matupu, hakuna mti, hakuna nyumba, wakapafungua kwa jasho lao. Hayo ya majani ni kweli. Mengine nawaacha wamalize, halafu nasema yangu.

Tulitoka Bellevue, mtaa wa Johannesburg, mwishoni mwa 2016, familia nne za watu wa Uvira, Kongo. Tulikodi ardhi nje ya jiji, kwenye tambarare ambako upepo hauna cha kuuzuia, tulime lengalenga, yaani mchicha, na mihogo ya sombe, ile mboga ya majani yake. Mimi nilikuwa msusi, jembe nilikuwa nimelisahau. Aliyetaka kwenda kuliko sote ni mama mkwe wangu. Miaka yote ya mjini alikaa nasi kwenye chumba kimoja, nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, akisikiliza majirani wakikohoa. Tulipokuwa tunapakia alituambia mimi na mwanawe, "Kwenye hiki chumba msinirudishe tena. Humu nilikuwa nangoja kufa tu."

Mume wangu hajui kuficha neno. "Mama, mihogo ikikubali, tunakaa. Ikikataa, tunarudi wote."

Ikakubali! Kufikia Pasaka ilikuwa inamfika mama kifuani. Kila asubuhi alipita katikati yake akigombeza magugu kama watoto watundu.

Ng'ambo ya barabara aliishi mzee mfuga ng'ombe. Binti yangu, aliyejua Kizulu kuliko Kiswahili, akatutafsiria maneno yake: barafu itashuka na kuunguza majani yote. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Barafu inaunguza? Sisi watu wa milima ya Uvira tufundishwe baridi? Jamani, hatukujua kitu. Baridi ya kwetu inakuvalisha koti, basi.

Jioni moja ya mwezi wa sita upepo ulikatika ghafla na mbingu ikawa nyeupe, bila wingu hata moja. Yule mzee akapiga kelele kutoka barabarani kwamba ndiyo leo. Mama akakusanya mablanketi yote, na vitenge vyake, hata kile cha kanisani, akaanza kufunika mihogo.

"Mama, na sisi tutajifunika nini?"

"Wewe una mume. Mhogo hauna."

Asubuhi mablanketi yalikuwa yamekakamaa kama mabati. Tuliyainua moja moja. Chini yake majani yalikuwa meusi, yananing'inia. Nililia, sioni haya kusema. Mume wangu alisogeza pikapu, akaanza kupakia magodoro, na wenzetu nao wakapakia yao. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto.

"Mama, inuka twende," mume wangu akamwambia.

"Mhogo ndio umekufa. Mimi bado."

Akainuka, akavuka barabara na binti yangu kumuuliza yule mzee watu wa huku hula nini wakati wa baridi. Alirudi na miche ya spinachi kwenye upindo wa kitenge. Akaanza kung'oa mihogo peke yake, mgongo umeinama, bila kutuangalia. Mume wangu alisimama na kamba mkononi. "Eish, huyu mama!" akasema, akaanza kushusha magodoro.

Familia mbili ziliondoka siku ile, na siwalaumu. Spinachi ile ndiyo iliyotulisha, na wengine walipoona tunakula wakaja mmoja mmoja kujenga karibu nasi. Leo tuna nyumba nyingi za mabati, na kanisa. Mama hakukanyaga Bellevue tena, hata Krismasi aliwaambia ndugu wa mjini wamfuate shambani.

Alikufa 2019, kwenye godoro lake, mlango wazi kama alivyopenda, ili aone matuta yake. Nilitaka alale papo hapo. Mwenye ardhi hakukubali kaburi, na hilo linaniuma hadi leo. Tukampeleka makaburi ya mjini.

Tulipoingia mjini, dereva wa gari la maiti akasema kuna njia fupi, tukate kupitia Bellevue. Nikafungua mdomo, lakini mume wangu akaniwahi.

"Zunguka," akamwambia. "Huko mama alisema asirudishwe."