Roho Inaniuma

Kosa langu la kwanza kwenye mashine ya kuchora mapigo ya moyo kwenye karatasi lilikuwa la kutafsiri. Lilikuwa juma langu la kwanza kazini hospitalini, mji wetu ungali ukiitwa kwa jina la kikoloni, Albertville. Fundi aliyejua mashine ile aliondoka baada ya uhuru, akaniachia kijitabu cha Kifaransa. Nilijifunza peke yangu, mlango nimefunga, nikijipima mwenyewe mara kumi kwa siku kwa hofu ya kukosea.

Akaja Papa Kabwe, mzee mmoja karani wa reli. Ulaya walikuwa wamempasua kifua, wakaufungua moyo wenyewe na kurekebisha kilango kimoja cha kupitisha damu.

"Roho inaniuma," aliniambia.

Daktari Mkuu, mgeni asiyejua Kiswahili, akauliza anasema nini. Kwetu roho ni moyo, lakini roho ikiuma huwa ni huzuni pia, na Papa alikuwa amefiwa na bibi yake, mkewe, mwezi ule. Nikajibu, "Ana huzuni." Nikampima kwa desturi tu, karatasi nikaiweka kando bila kuisoma; Papa akapewa dawa ya kutuliza, akarudi kwake.

Kesho yake asubuhi nilibandika karatasi yake kwenye daftari. Baada ya kilele cha kila pigo, mstari hurudi usawa wake kabla ya kilima kidogo kinachofuata. Wa Papa ulikuwa umezama. Kijitabu kilisema nyama ya moyo inakosa damu. Niligeuka nimwonyeshe mtu; chumba kilikuwa kitupu. Nikakimbia hadi kambi ya reli.

Nilimkuta mlangoni, jasho linamtoka, mkono kifuani.

"Papa, roho inauma wakati gani?"

"Wakati ninapanda ngazi ya biro. Wee mutoto, ulifikiri ngazi njo inanikumbusha bibi yangu?"

Mimi na jirani zake tulimrudisha hospitalini kwa machela. Nilikiri mbele ya Daktari Mkuu. Alilinganisha karatasi na kijitabu changu, maana naye hakuijua mashine ile, kisha akasema, "Kuanzia leo niletee maneno ya mgonjwa, si maana yako."

Papa alilazwa, akapewa vidonge vya kuweka chini ya ulimi vya kupanua mishipa. Alipata nafuu, akarudi bironi, ofisini kwake.

Mimi nilirudi chumbani kwangu. Hadi nastaafu, kila karatasi niliisoma mara tatu, na hakuna aliyewahi kuniambia kama nimesoma sawa. Wauguzi walikula pamoja uani. Mimi nilikula kando ya mashine, kijitabu kimefunguliwa.

Siku hizi vijana wanasoma karatasi wawili wawili. Mmoja akikosea, mwenzake anamwambia.