Golikipa Aliyefungwa Sur

Moshi wa udi katika ukumbi wa klabu yetu ya mpira, pale mjini Ibra, Uarabuni, ulikuwa mzito hata ungeweza kutundika kanzu juu yake, na bado soksi za wachezaji zilinuka. Sharubati ilikuwa imemwagika, zulia linanata, na wanakamati wanabusiana mashavu kana kwamba walizicheza wao zile mechi.

Siku hizi klabu inalipa wachezaji mishahara, basi ikaona aibu kukaa bila historia. Wakatundika ukutani mbao zilizoandikwa matukio makubwa ya timu, na siku ile ndiyo zilikuwa zinazinduliwa. Ubao mmoja ulikuwa wa ami yangu, golikipa wa zamani, mzaliwa wa Unguja. Kwa furaha ami alijipaka atari hadi paka wa jirani wakahama.

Habari zake alizichukua katibu wa kamati, ambaye Kiswahili chake kinatosha kuombea chai kwa bibi yake tu. Ami, ambaye mpira huusimulia kwa Kiswahili tu, alimwambia kwamba msimu ule wa ubingwa alifungwa mara moja, Sur, kwa penalti. Katibu akaenda kuandika kwa Kiarabu.

Mimi Kiarabu cha kusoma nimekipata shule ya jioni, ndevu zimeshaota, kwa hiyo ami alimaliza kusoma kabla yangu. Nilimwona anarudia mstari mmoja kwa kidole. Ubao ulisema: golikipa shujaa, aliyetiwa jela mara moja tu, mjini Sur.

"Mimi nilifungwa bao," ami alimwambia katibu taratibu. "Jela nimeiona kwa nje."

Katibu akacheka. Ndipo mwenyekiti akaja, anatafuna halwa mdomo wazi, akasema wageni wameshafika na hakuna atakayesoma. Kisha akamgeukia ami:

"Simama mbele yake, mzee. Kanzu yako itaziba."

"Na nikishakwenda nyumbani?"

Mwenyekiti akajifuta vidole kwenye pazia.

Ami akaung'oa ubao, akaubana kwapani. Mlangoni aliwaamkia wageni mmoja mmoja, kwa adabu zote, maandishi kayageuzia ubavuni. Nilimfuata, nimeziba pua.

Sasa ubao uko sebuleni kwake. Neno la jela amelikwangua kwa kisu, na kila anayekuja kunywa kahawa lazima aelezwe penalti ile ilivyopinda.