Mama Kulwa, Mbona Uliyala?

Wapendwa wenzangu mliohamia machimboni Geita, shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu. Hamjambo nyote? Watoto wana afya? Mimi huku Songwa mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia.

Mpaka sasa siamini. Mama Kulwa, aliyekuwa akitufundisha wanawake wa kampaundi ya mgodi mambo ya chakula pale zahanati, tumemzika Jumanne.

Mnaikumbuka siku ya ugali? Alimpa kila mmoja tonge. "Tafuneni, msimeze." Tukatafuna mpaka taya zikauma, ugali ukaanza kuwa mtamu mdomoni. "Huo ni wanga," akasema. "Ukiingia mwilini unageuka sukari."

Ute wa yai akaumwagia maji ya moto, ukawa mweupe, ukaganda. Hiyo protini, ya kujenga mwili. Karanga akazikandamiza kwenye karatasi, likabaki doa linalopitisha mwanga. Mafuta hayo.

"Kuna kitu cha nne mwilini," akasema, "kinachomfanya mtoto afanane na mzazi. Hicho hata madaktari bado wanakichunguza."

Nikamwambia, hicho ni Mungu. Akacheka. "Ni Mungu, ndiyo, Mama Shija. Lakini anakipitishia wapi?"

Kila Jumapili tukitoka kanisani nilimpelekea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, nimevipika na karanga. Kwetu huwezi kulisukuma bakuli la mwenzio. Alikula yote, akashushia kata tatu za maji.

"Wewe mwanamke ni ng'ombe wa kiangazi?" nikamtania.

"Usiache kuleta. Jumapili bila matobolwa yako si Jumapili."

Akaanza kukonda. Nikamwongezea.

Makaburini nililia nikisema, sasa matobolwa yangu atakula nani? Bwana dresa, mtabibu wa zahanati, akanigeukia.

"Alikuwa anayala?"

"Kila Jumapili."

"Mama, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Tangu mwaka juzi nilimkataza viazi. Aliniapia ameacha."

Mama Kulwa, ungesema neno moja tu. Ningekuletea mlenda, samaki, hata mayai ambayo mama yangu alinikataza nikiwa msichana, na ni wewe uliyenifundisha kuyala. Ulitwambia sote wanga unageuka nini, halafu ukafumba mdomo mbele ya bakuli langu. Uliniacha nikulishe kwa mikono yangu, tena nikiomba baraka juu ya chakula kile.

Katekista anasema sina kosa. Basi kosa ni lako, rafiki yangu, nawe huwezi kunijibu. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimekusamehe nusu. Nusu iliyobaki namwomba Bwana anisaidie. Pumzika, dada yangu. Bakuli lako nimelifunika.

Ninyi mnaosoma, Kulwa, binti wa marehemu, aliolewa na mchimbaji, nao huhama mgodi hadi mgodi huko kwenu. Mazishini hakufika, hatukujua pa kumpelekea habari. Alipokuja mara ya mwisho niliona sura ni ya mama yake, kicheko cha mama yake, na kata ya maji haikumtoka mkononi. Nilimcheka na yeye.

Bwana dresa anasema kiu hiyo ni dalili, apimwe sukari haraka. Mpitishiane barua hii, na anayejua Kulwa aliko anijibu upesi, tafadhali.

Mimi, Mama Shija