Jumapili Niliyokwenda Ziwani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, jua limewaka vizuri juu ya ziwa la watu, nami nimesimama gatini na tikiti ya boti mkononi, nikijua kabisa kwamba saa ile nilitakiwa kuwa mahali pengine. Naanzia hapo hapo. Mzee akizunguka sana kabla ya kutaja kosa lake, ujue anatafuta njia ya kulipunguza.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikafanya kazi ya kupokea maziwa ya wafugaji huku kwetu chini ya Mlima Meru, kisha kanisa likanipatia nafasi ya kwenda kusini mwa Ujerumani kusomea ufundi wa mashine za maziwa. Miaka miwili. Jumatatu mpaka Ijumaa tulikuwa na mabomba, spana na lugha yao ngumu. Ikifika Ijumaa jioni, sisi vijana wa bweni tulikusanyika mbele ya ramani iliyobandikwa ukutani, tukachagua. Wiki hii ngome, wiki ijayo mji wenye kanisa refu, wiki nyingine mlima wenye theluji. Kulikuwa na tikiti ya treni ya kikundi, watu watano mnasafiri kwa nauli ndogo, kwa hiyo mmoja akikataa anawaharibia wenzake.

Nilizipenda safari zile, na hata leo sizijutii. Tembea uone, walisema wahenga, nami nilitembea nikaona. Niliona ng'ombe waliovishwa shingoni kengele kubwa kama sufuria ya ugali. Nilimwandikia baba habari hiyo, naye akanijibu akiuliza kama ng'ombe hao huwa wanapata usingizi. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa na migomba, mtu wa maneno machache. Barua zangu alizisoma mara mbili, kisha akamsomea mama.

Basi mwaka wa kwanza haujaisha, ikaja barua nyingine. Mdogo wangu wa kike, Elinipa, alikuwa amepata mchumba, kijana anayeitwa Samweli, kutoka upande wa pili wa korongo. Katika ukoo wetu, binti haposwi mpaka kaka yake mkubwa aseme neno mbele ya wageni. Asiposema, ukimya wake unahesabiwa kuwa amekataa. Kaka mkubwa ndiye mimi. Baba alikuwa amelipanga jambo lile kwa uangalifu: wageni wangekuja ofisini kwa mchungaji, palipokuwa na simu, Jumapili saa nane mchana, ambayo kule ni saa saba. Mimi nipige, niseme, "Nimekubali, dada yangu aende kwa amani." Maneno sita tu, nimewahi kuyahesabu.

Jumapili ile wenzangu walikuwa wamechagua ziwa. Nilijiambia, ziwani hakuna simu? Zipo. Nitapiga kutoka huko. Tukafika saa tano, tukala mikate yetu kwenye nyasi. Nikanunua kadi yenye picha ya ziwa na ngome, nikamwandikia binamu yangu Anaeli: "Leo Jumapili niko ziwani na wenzangu, napanda boti sasa hivi. Maisha ndiyo haya." Juu nikaweka tarehe, kama tulivyofundishwa shuleni. Nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta lililokuwa pale pale gatini. Ilikuwa saa sita na nusu.

Kofi, rafiki yangu kutoka Ghana, alikuwa amekwisha kuingia botini.

"Njoo," akasema. "Nusu saa tu tunazunguka."

"Nina simu ya nyumbani saa saba."

"Nyumbani kwenu kutahama?"

Wakacheka, nami nikacheka, nikapanda. Usimlaumu Kofi. Yeye hakujua habari za Elinipa, sikumwambia. Mimi nilijua.

Boti ilizunguka saa moja na nusu. Tuliporudi, kibanda cha simu kilikuwa na foleni, na laini ya kupata Arusha siku zile ilihitaji subira. Nilipopata, kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi na nusu. Simu ililia mara moja tu, ikapokelewa. Alikuwa baba mwenyewe, bado amekaa pale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Kisha akauliza, "Unaumwa?"

Mwanangu, hapo ndipo penyewe. Baba alikuwa amenifungulia mlango bila kukusudia, nami nikaingia.

"Ndiyo, baba. Tumbo. Tangu jana."

"Nilijua. Wageni walisema kaka mtu amekataa. Nikawaambia, mwanangu namfahamu, hawezi kunyamaza bila sababu, labda anaumwa. Tukakuombea hapa. Pole sana. Umekula uji?"

Wahenga wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilijikwaa vyote viwili. Kuchelewa ningeweza kusamehewa siku ile ile. Kila kijana huchelewa. Ila ule uongo baba aliubeba kwa mikono miwili, akauvusha korongo, akawapelekea wakwe akiamini ni kweli. Wakampa pole. Wakapanga Jumapili nyingine. Safari hiyo nilipiga simu kutoka shuleni dakika kumi kabla ya wakati, nikasema maneno yangu sita, nikasikia kina mama wanapiga vigelegele kwenye simu mpaka sikio likauma. Nikaona mambo yamekwisha.

Kadi haikuwa imefika bado.

Kwetu barua zote zilikuja kwenye sanduku la posta la kanisa, na baada ya ibada ya Jumapili mwinjilisti alisimama nje ya mlango akaita majina. Barua ina bahasha. Kadi haina. Inapita kwa huyu aone ngome, inapita kwa yule aone maji, na kila anayeiona picha anaigeuza nyuma. Kabla haijamfikia Anaeli, kadi yangu ilikuwa imepita mikononi mwa shangazi yake Samweli, aliyesali kanisani kwetu, mwanamke aliyekuwa anajua kusoma na kuhesabu. Aliitazama tarehe. Akaiangalia tena. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, Anaeli ndiye aliyenisimulia, "Kumbe tumbo linatibiwa kwa boti."

Wiki ile ile ujumbe ukaja kutoka ng'ambo ya korongo kwamba uchumba umesimama. Walisema hawana ugomvi na binti, ila wanaiogopa nyumba ambayo mzee wa kanisa anaweza kuwaambia jambo lisilokuwepo. Elinipa akaacha kwenda kwaya. Aliniandikia barua fupi kuliko zote: "Kaka, kadi yako imefika, ni nzuri. Samweli haji tena. Baba amekata jani la sale mpakani, amekwenda nalo kwao. Mimi sijambo."

Ewe usiyetoka huku kwetu, nikueleze. Sale ni mmea wenye majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba. Sisi Wameru, kama jirani zetu Wachagga, mtu aliyekosa hukata jani lake, akalipeleka kwa aliyemkosea, naye akilipokea, neno limekwisha. Ni vigumu sana kumfukuza mtu aliyekuja na sale. Lakini kulibeba ni kazi nzito. Baba yangu, kwa umri wake wote, hakuwa amewahi kulibeba. Alilibeba kwa ajili yangu mchana, watu wakimwona, akiteremka korongo na kupanda, ameshika jani kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine. Mimi wakati huo nilikuwa bwenini, sitaki hata kuitazama ramani.

Walilipokea. Ndoa ilifungwa Desemba, mimi sipo.

Niliporudi mwaka uliofuata, baba alinipokea kama anavyopokelewa mtoto yeyote aliyetoka mbali. Alichinja mbuzi. Aliniuliza habari za ng'ombe wa kengele. Habari za ziwa hakuzigusa, wala mimi sikuzigusa. Siku ya tatu nikaenda kumwona dada yangu kwake. Mlangoni nikamkuta mkwe wetu, mzee Elirehema, baba yake Samweli, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiye wewe wa tumbo?"

"Ndiye mimi."

"Limepona?"

"Limepona, baba."

"Tumshukuru Mungu." Akaendelea kuchonga. "Baba yako alikuja hapa na sale, tukapokea. Lile lilikuwa lake, kwa kutuletea neno bila kulichunguza. La kwako sijaliona."

Nikageuka, nikaelekea kwenye mpaka wa shamba lake kukata jani. Akaniita.

"Hayo ni ya kwangu. Unaniomba radhi kwa jani langu mwenyewe? Nenda kwenu."

Nikashuka korongo na viatu vyangu vya Ulaya, nikapanda, nikakata kwetu, nikashuka tena. Niliporudi, suruali imejaa vumbi mpaka magotini, Elinipa amesimama mlangoni anazuia kicheko kwa kanga. Mzee alilipokea jani, akalichomeka juu ya mlango, akanipa kigoda.

"Sasa kaa," akasema. "Niambie, hilo ziwa lina samaki?"

Tuliongea mpaka ng'ombe wakarudishwa zizini. Alitaka kujua kila kitu: treni inapitaje chini ya mlima, ngome ile ilijengwa na nani, waliobeba mawe walikula nini. Nimesimulia safari zangu kwa watu wengi, lakini sijapata tena msikilizaji kama yule.

Nikiwa njiani kurudi, nilipita tena kwenye mpaka wetu. Nikasimama. Niliwaza kukata jani la pili, la baba. Kisha nikajiambia, baba amekwisha kusamehe, amenichinjia mbuzi, nikimpelekea nitamkumbusha machungu. Nitafute siku nzuri. Nikapita.

Baba aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo. Tulilima pamoja, tulikunywa chai pamoja, nilimpeleka hospitali mara nyingi, nilimshika mkono. Siku nzuri zilikuwa nyingi, wala hakuna hata moja niliyoitumia. Mpaka leo sijui kama alikuwa anasubiri au alikuwa amesahau. Watu hunifariji kwamba mzazi husamehe bila kuombwa. Ni kweli. Ila mimi sikumwomba.

Nisikuhuzunishe bure, maana maisha yamenitendea vyema. Elinipa na Samweli wamezeeka pamoja, wanabishana kuhusu dawa za presha kama kawaida ya wazee. Mjukuu wao, Upendo, anasoma Ubelgiji sasa hivi, na kila Jumamosi analeta picha kwenye kundi la familia la simu: yuko mbele ya daraja, yuko mbele ya sanamu, anakula mkate wenye sukari. Binti yangu ninayeishi naye hapa Kijenge, Arusha mjini, hulalamika. "Huyu amekwenda kusoma au kukagua makanisa ya watu?" Mimi humwambia amwache. Vijana wanaojifungia ndani ya chumba miaka miwili, wakarudi na cheti tu, nao wamepoteza kitu. Jumapili iliyopita Upendo alinipigia yuko kwenye treni, akanigeuzia simu dirishani nione mashamba. Nilimwuliza ng'ombe wako wapi. Akasema, "Babu, nao wamekwenda kutembea."

Kwa hiyo, mwanangu, uliyepata nafasi ya kwenda mbali, sikiliza neno langu. Tembea. Masomo yakikupa Jumamosi, itumie; panda treni, panda mlima wao, tazama walivyojenga, uliza wanavyokamua. Lakini kabla ya kununua tikiti, jiulize kama kuna mtu nyumbani ambaye siku hiyo amekaa anasubiri sauti yako. Akiwepo, mpigie kwanza, kisha uondoke. Ngome imesimama miaka mia tano, itakusubiri dakika kumi. Waambie wenzako ukweli wa shughuli yako, maana hawawezi kukulindia jambo wasilolijua. Ukichelewa, sema nimechelewa. Mtu anayekupenda atakutafutia udhuru mzuri kuliko uwezao kuutunga wewe, na huo ndio wa kuukataa haraka zaidi, kwa sababu atakwenda nao kwa watu na kuweka jina lake juu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mwenye kujizulia maradhi naye huumbuliwa.

Na ukiwa umekwisha kukosa, beba jani lako mwenyewe. Anza na walio karibu. Tunawakimbilia wakwe na majirani kwa sababu tunaogopa maneno yao, tukawaacha wa nyumbani kwa kuwa hawasemi kitu. Usingoje siku nzuri. Siku uliyo nayo inatosha.

Nenda basi, mwanangu. Mungu aliyewatunza wazee wetu kwenye miteremko ya Meru akutunze nchi za baridi. Akupe miguu isiyochoka na ulimi usiopinda. Chakula cha ugenini kikukubali, wenyeji wakupende, na siku utakayorudi uwakute wote uliowaacha wakiwa hai mlangoni, uweze kuwatazama usoni bila neno lolote la kuficha. Nami nikiwepo, nitakuletea kigoda, unisimulie.