Picha Iliyofunika Dagaa

Harufu ya dagaa wanaokauka mchangani hubadilika kutwa nzima, na mimi naijua kila hatua yake. Asubuhi, wakimwagwa kutoka mitumbwini, wananuka maji tu, maji baridi ya Ziwa Tanganyika. Jua likipanda wananuka kama sarafu iliyofumbatwa muda mrefu kiganjani. Alasiri harufu inakuwa tamu kidogo, na hapo mama yangu alikuwa akiinama, anamvunja dagaa mmoja katikati, anamsikiliza anavyolia, kisha anasema, "Bado," au anasema, "Kusanya." Mvua ikiwanyeshea kabla hawajaanza kulia, basi, harufu inayofuata siielezi, maana huenda msomaji yuko mezani anakula. Nimeanza na harufu hii kwa sababu ndiyo iliyonitajirisha, na ndiyo inayoniinamisha kichwa kila mgeni anaposimama mapokezi, kwenye nyumba yangu ya wageni hapa Kigoma, akauliza, "Bosi, picha ile uliipata wapi?"

Mimi ndiye Bosi Turubai. Ulizia soko la Mwanga, utaletwa mpaka mlangoni kwangu. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, Kiingereza kilinishinda kabisa, lakini leo maafisa wenye shahada zao, waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine, wananiita mzee na kunisubiri nimalize chai ndipo niwakatie turubai. Mmoja aliwahi kuniuliza nilisomea biashara chuo gani. Nikamjibu, "Chuo cha Kibirizi, pale wanapoanika dagaa." Huwa nahadithia kwenye harusi jinsi nilivyokuwa na miaka kumi na mmoja, mvua ikaja, dagaa wa mama wako nje, mimi nikapata wazo, nikachukua kitambaa nikawafunika, wakapona wakati wa akina mama wengine waliharibika wote. Tangu siku ile, nawaambia, nilijua nimezaliwa kuuza vitu vya kufunikia. Watu hupiga makofi. Kitambaa kile kilikuwa nini, sijawahi kusema.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, boti zikiingia kutoka ng'ambo ya ziwa zimejaa mpaka maji yanachungulia ndani. Chumba chetu cha uani, pale Mwanga, mama alimpa mtu mmoja kutoka Kongo, Papa Alimasi. Kwao alikuwa mwalimu wa historia ya sanaa, na chuoni ndiye aliyetunza ukumbi wa picha. Alikuja na shati moja, miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na furushi refu jembamba lililoviringishwa ndani ya kitenge. Hakuweza kukaa bila makumbusho. Alikata maboksi ya sabuni vipande vidogo, akaandika kwa kalamu, akabandika kwenye vyombo vyetu. Kwenye kinu aliandika: *Kinu. Mti wa mninga. Fundi hajulikani. Usiguse.*

"Nisipogusa nitatwangaje, Mwalimu?" mama akamwuliza huku mchi uko mkononi.

"Aa, mama, samahani," akasema, akachukua kalamu akafuta, akaandika: *Gusa kwa heshima.* Mama alicheka mpaka akakaa chini. Lakini siku hiyo hiyo alimtuma mtu Kidahwe kwa mjomba wake, kuuliza aliyechonga kinu kile aliitwa nani. Jibu lilipokuja, Papa Alimasi aliandika kibao kingine chenye jina la fundi. Alikuwa na furaha siku nzima, kama aliyepata mtoto.

Mimi nilimwona kichaa, lakini nilimpenda. Alikuwa na kanuni moja: kabla ya kusema lolote juu ya kitu, kiangalie mpaka uhesabu hamsini. Aliangalia hivyo viraka vya matanga, mlango wa jirani uliopakwa rangi tatu, hata beseni la mama lililobanduka rangi. Siku moja alifungua lile furushi. Ndani mlikuwa na picha, upana wake kama shuka la mtoto, imechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye gunia la unga la nguo. Hapakuwa na mtu, wala nyumba, wala samaki. Buluu tu, na kijivu, na mstari mmoja wa udongo umepita chini.

"Hii turubai, Papa?" nikauliza.

"Haiko turubai, mutoto. Hesabu."

Nikahesabu. Nilipofika thelathini na kitu nikasikia baridi kwenye mikono. Nikasema, "Ni ziwa. Mvua bado haijafika, lakini inakuja."

Papa Alimasi alivua miwani. Ndipo akaniambia. Picha ile ilikuwa kazi ya binti yake, Furaha. Walipotezana ufukweni, usiku wa kukimbia, yeye akapandishwa boti, Furaha akabaki nyuma. Watu walioshuka Kibirizi walikuwa wakipakiwa malorini na kupelekwa makambini kabla hujajua nani ni nani. Furaha angepita mbele ya majina elfu yameandikwa ukutani asiyaone, lakini picha yake mwenyewe angeitambua kutoka majini. Kwa hiyo kila boti ikisikika, baba yake alikimbia nayo Kibirizi na kuitundika kwenye kamba ya nyavu, uso wake ukitazama ziwa. Wavuvi walimtania, "Papa, nguo zako bado hazijakauka tu?" Yeye anatabasamu, anasimama pale mpaka mtu wa mwisho apande lori.

Kisha malaria ikamlaza. Asubuhi hiyo habari zikaja kwamba boti tatu zinaingia, zinatoka upande wa kijiji walikopotezana. Alijaribu kusimama akaanguka mlangoni. Akanishika kifundo cha mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto kama sufuria. "Kazi yako iko moja tu," akaniambia. "Utundike. Usifanye kingine."

Nilikwenda nikaitundika, msomaji, hilo ni kweli. Ilikaa kambani labda nusu saa. Halafu upande wa milima ya Kongo ukawa mweusi, na upepo ukageuka. Dagaa wa mama walikuwa mchangani, wa mtaji wetu wote, wako karibu kulia. Yeye alikuwa amekimbilia mabeseni. Akina mama wengine walikuwa wanapiga kelele, wanazoa kwa mikono. Nikaangalia dagaa, nikaangalia picha. Nikaifungua kambani, nikaitandaza juu ya dagaa, nikaweka mawe pembeni. Uso wa picha niliulaza chini, ili mvua isifute rangi. Nilijiona nina akili mara mbili: nimeokoa dagaa na nimeokoa picha.

Boti zikafika ndani ya mvua hiyo hiyo. Watu wakashuka wamelowa, wanabeba watoto na masufuria, malori yanaunguruma juu barabarani. Msichana mmoja akapita karibu nami, amefunga kilemba cha kijani, hana mzigo. Upepo ukainua kona moja ya gunia, na buluu ikaonekana, kipande kisichozidi kiganja. Akasimama. Aliinama kidogo, anaangalia ile kona, na midomo yake inacheza kama mtu anayehesabu.

Nilijua. Hiki ndicho nimekificha miaka yote: nilijua. Lakini dagaa walikuwa wanapata maji, na niliogopa nikiifunua Papa atasikia nilivyoitumia. Nikachukua jiwe, nikaliweka juu ya kona ile.

"Dada, panda! Lori linaondoka!" mtu akaita kutoka juu. Msichana akaniangalia mimi, akaangalia gunia la unga limefunika dagaa, akajikaza akaenda. Mama alipofika na mabeseni alinikumbatia mbele ya watu wote. "Angalieni mwanangu!" akasema. "Nyie wenu wako wapi?" Na mimi nikafurahi. Nilifurahi kweli, na hiyo nayo naiandika.

Jioni Papa Alimasi aliniuliza akiwa amelala, "Ulitundika?"

"Nilitundika, Papa."

"Boti zote tatu?"

"Zote. Hakuna aliyesimama."

Nadhani alihesabu hamsini. Halafu akasema, "Basi Furaha iko ng'ambo bado." Homa ilipomwacha, akaomba nafasi kwenye boti inayorudi Kongo kumtafuta. Mama alimsihi hadi akalia: watu wanakimbia kuja huku, wewe unakimbilia kule? Hakusikia. Picha aliniachia mimi, akisema mimi ndiye mtu aliyeiona, nami niitundike boti zikija. Neno moja lingemzuia. Nilikuwa nalo mdomoni, nikasimama nalo pale mchangani mpaka boti ikawa kitone. Hakurudi. Niliitundika siku nne, wenzangu wakanicheka, nikaiviringisha. Muda mfupi baadaye nikaanza kununua vipande vya turubai na kuwauzia akina mama wa dagaa.

Mwaka jana nilikwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo, nikaingia kwenye jumba moja la picha kukimbia joto. Kulikuwa na picha kubwa nyekundu tupu, na watu wawili mbele yangu walicheka, wakisema hata mtoto wao angeweza. Nilitaka kucheka nao. Badala yake nikahesabu. Chini ya kinyago kimoja nikasoma maneno *Fundi hajulikani*, nikayasoma tena. Nikamwuliza dada anayehudumu pale, "Binti yangu, picha ya rangi ya mafuta ikinyeshewa, rangi inatoka?"

"Mvua ya mara moja? Haitoki, mzee," akasema. "Mafuta na maji."

Sikuwa nimeokoa chochote kwa kuilaza kifudifudi.

Nimeandika kibao, kwa kalamu, kwenye boksi la sabuni: *Ziwa kabla ya mvua. Fundi: Furaha binti Alimasi.* Juzi niliitoa picha mapokezini nikaipeleka Kibirizi. Boti za siku hizi zina injini kubwa, vijana wana simu, mtu akipotea wanapigiana. Niliifunga kwenye kamba ya nyavu, uso wake ukitazama ziwa, mimi na tumbo langu na viatu vyangu vya ngozi. Kijana mmoja akapaza sauti, "Bosi, leo umeleta turubai la maonyesho?" Wakacheka, na haki yao. Kisha upande wa Kongo ukawa mweusi. Mama mmoja aliyekuwa na dagaa chini akanikimbilia. "Shikamoo baba, nisaidie hilo gunia nifunike, wanaharibika!"

Nikaenda kwenye gari, nikamshushia turubai jipya, nikamsaidia kulitandaza na kuweka mawe. Halafu nikarudi kusimama kando ya picha. Mvua ikaja yote. Ilipiga buluu, ikapiga kijivu, ikateremka kwenye mstari wa udongo na kudondoka mchangani. Niliweka kiganja chini yake na kuhesabu hamsini. Maji yaliyojaa kiganjani yalikuwa meupe, safi, kama ya kunywa.