Birika la Mama Zuhura

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai, kana kwamba chombo cha shaba cha miaka elfu kingeuliza shahada yangu. Mkuu wa karakana ya makumbusho, Mkongo wa Lubumbashi, aliitazama akasema, "Ndugu Mtanzania, toa hiyo kamba. Hapa iko sheria moja: maji hapana."

Vijana mnaoingia kazi hii mtaelewa. Shaba ya kale ina ugonjwa wake, unga wa kijani unaoitafuna polepole, na unyevu ndio huuamsha. Durban nje ikitoka jasho, sisi ndani tulitumia sindano, brashi laini na nta, katika chumba kikavu kuliko makala zangu za kitaaluma.

Ndipo Mama Zuhura akaja kutoka mtaa wa Chatsworth na birika ndani ya kanga. Lilikuwa la karne za mwanzo za Uislamu: tumbo la mviringo, mdomo wa umbo la jogoo, maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi shingoni. Marehemu mumewe alilipata kwa muuza vyuma chakavu, na kila Idd walilitumia kuwanawisha wageni. Sasa wezi walikuwa wameshaingia kwake, kwa hiyo alitaka tulitunze.

"Limeandikwa nini, baba?"

"Baraka kwa mwenye nalo."

"Nani huyo?"

"Hawakutaja jina, Mama. Fundi alimaliza kazi kabla ya kumjua mnunuzi."

Akaushika mkono wa birika. "Na likikaa kabatini kwenu, asinawe mtu, baraka itamwendea nani? Kioo?"

Nilimgeukia Mkuu, kama kila nilipoishiwa elimu.

"Mama, maji ni adui," alisema.

"Basi narudi nalo." Akaanza kulifunga.

Mkuu alisugua paji la uso. "Eish. Ngoja, Mama. Kila Idd, kidogo tu, maji yaliyokenekwa, yale hayana chumvi. Mimi mwenyewe nitakausha."

Akaliacha. Kila Idd Mkuu, mzee wa kanisa, alimmiminia mikononi, kisha akalikausha birika kwa mashine ya kukaushia nywele aliyoazima saluni ya shemeji yake, mtaa wa Umbilo, akinung'unika. Alipostaafu, nilirithi kumimina na kunung'unika. Mama Zuhura alipofariki, mjukuu wake wa kike aliendelea kuja.

Mwaka huu magoti yangu yalinistaafisha. Idd ya mwisho nililiinua birika kama kawaida; binti huyo akalipokea.

"Leo nyoosha mikono wewe, mjomba."

Maji yalikuwa baridi. Mikono yangu ilikuwa imelowa, kwa hiyo mashine ya kukaushia ikabidi aishike mtu mwingine.