Bunduki Sita za Mninga

Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kutengeneza vitanda, makabati na milango siku mwalimu mmoja mstaafu alipoingia karakanani kwangu, Ngamiani, akaniwekea picha ya bunduki juu ya meza ya randa. Alikuwa amefundisha historia maisha yake yote. Sasa yeye na wenzake walikuwa wamepewa chumba katika jengo la zamani mjini, waonyeshe habari za vita vile vya Wajerumani na Waingereza vilivyopiganwa hapa hapa Tanga enzi za mababu zetu. Picha walikuwa nazo, vifungo vya sare walikuwa navyo, hata kibuyu cha maji cha bati. Kilichokosekana ni bunduki.

Alinieleza kwamba huko nje kuna viwanda vinavyounda upya bunduki za vita vya zamani, zikafanana na zile zenyewe hata mtu asijue. Lakini kuipitisha moja tu pale mpakani Horohoro, au bandarini, kungehitaji vibali vya kuwazeesha. Kwa hiyo alitaka fundi wa kumchongea sita, tatu za Kijerumani na tatu za Kiingereza. Polisi walikwisha kumpa barua ya ruhusa, kwa sharti kwamba mtutu uwe umezibwa tangu mwanzo na pasiwe na kitu ndani kinachoweza kufyatua chochote.

Mafundi wa jirani walisikia. Mmoja wao alisema, kwa sauti ya kunifikia, kwamba mwanamke abaki na vitanda vyake. Nilimwambia mwalimu aniachie picha.

Bunduki ya kwanza ilinichukua wiki tatu, na ilikuwa aibu. Niliichonga kwa kufuata picha, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa. Mwalimu alipokuja aliigeuzageuza, akasema rangi yake nzuri. Baba yangu, aliyenifundisha useremala kule Muheza, naye alikuwa hivyo. Akisifu rangi, ujue kazi imeharibika. Nilipoitazama tena niliona bunduki ya kuchezea ya siku ya Idi, kitu cha watoto kukimbizana nacho.

Mwalimu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa kijiji cha Mwera. Alikuwa askari wa wanyamapori miaka mingi, akilinda mashamba dhidi ya tembo na nguruwe, na wakati anaanza kazi, stoo ya kituo chao ilikuwa bado na bunduki zilizobaki tangu vita hivyo, za Waingereza na hata za Wajerumani zilizotekwa. Nikaifunga ile bunduki yangu katika khanga, nikapanda basi mpaka Pangani, nikavuka mto, nikaendelea.

Niliwakuta yeye na mkewe wakipepeta mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanyoosha mkono pembeni kidogo ya pale nilipokuwa, nikatambua kwamba haoni. Nilikuwa nimesafiri tangu alfajiri kumwonyesha mtu asiyeona kitu kilichochongwa kwa picha.

Nikampa hivyo hivyo. Aliipakata, akaipitisha mikono kutoka kwenye kitako mpaka mdomoni, kisha akainyanyua begani na kuishusha mara moja.

"Mwanangu," akasema, "umechonga alivyoiona mpiga picha. Aliyeibeba hukumuuliza."

Basi nikamuuliza. Tulikaa mpaka alasiri. Alinifundisha kwamba ile ya Kiingereza mbao yake inafika mpaka mdomoni, ina pua butu, na mkono wa komeo lake, kile chuma cha kuvuta ili risasi iingie, umepinda kuelekea chini. Ya Kijerumani mtutu wake unachungulia mbele ya mbao, na mkono wa komeo umenyooka kama kidole kinachoshtaki. Alinionyesha mahali pa kushika ambapo mimi nilikuwa nimepaacha panene mno. Kisha akamwita mkewe alete mawe.

Bibi yule aliokota mawe madogo uani, akayafunga katika vitambaa viwili, kimoja akakining'iniza kitakoni na kingine mbele. Mzee aliipima mikononi, akasema bado. Bibi akaongeza jiwe. Bado. Akapunguza la mbele, akaongeza la nyuma. Niliona uso wa yule mzee ukibadilika kidogo kidogo, mgongo ukinyooka, mpaka akasema, "Hapo." Nikayatia mawe yale mkobani, kila fungu peke yake, nikarudi nayo Tanga kama mtu aliyebeba dhahabu.

Nilianza upya. Mninga mkavu, mzito, ambao nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya kitanda cha harusi. Kwa fundi wa kuchomelea nilipata mabomba ya maji, tukayajaza nondo na kuyaziba pande zote mbili. Makomeo tuliyapinda motoni, tukayaharibu manne kabla ya kupata la kwanza lililokubali. Kila asubuhi niliyafunga mawe ya Mwera kwenye ile bunduki ya kwanza, nikapima mpya dhidi yake. Nilipunguza mbao hapa kwa patasi, nikaongeza chuma pale, mpaka siku moja uzito ukalingana na mikono yangu yenyewe ikajua.

Nilimpelekea mzee moja ya Kiingereza ili aihukumu. Pale kwenye kivuko cha Pangani khanga ilifunguka upande mmoja, na mama aliyekuwa karibu yangu akasogea, kisha na wengine wakasogea, nikabaki nimesimama peke yangu katikati ya pantoni. Tulipofika ng'ambo askari polisi aliniamuru niiweke chini polepole. Nikatii, nikampa ile barua ya ruhusa aliyoniazima mwalimu. Aliisoma yote, lakini macho yake yalikuwa kwenye bunduki. Akainama kuiokota kwa mkono mmoja, uzito ukamvuta, ikabidi aongeze wa pili. Akaniambia kwa upole kwamba barua inasema ni mbao. Nikamwonyesha mdomo ulivyozibwa, nikamwonyesha komeo lisilofungua popote. Akagonga mtutu kwa ukucha, akacheka, akaniuliza nani ameitengeneza.

"Mimi," nikasema.

Sijui kama nimewahi kulitamka neno hilo kwa raha kama siku ile.

Nilimkabidhi mzee wa Mwera bunduki. Alisimama. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye komeo bila kutafuta, kama mtu anavyoshika kitasa cha mlango wa nyumbani kwake. Akaiweka begani, akapiga hatua tatu uani, akageuka kiaskari, akarudi. Mkewe alijifunika mdomo kwa upande wa khanga. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa amemwona akitembea bila kupapasa tangu macho yake yapoteze nuru.

"Hii ndiyo," mzee akasema. Akaendelea kuishikilia, nami sikuiomba mpaka aliponirudishia mwenyewe.

Siku ya kufungua chumba watu walijaa hadi ngazini. Bunduki tano zilikuwa ukutani, na ya sita mwalimu aliiweka mezani ili yeyote aibebe, kwa sababu nilimwomba hivyo. Wanafunzi walipanga foleni. Msichana mmoja aliibeba begani, akazunguka chumba, akarudi akihema, akauliza waliwezaje kutembea nayo kutoka pwani mpaka bara. Mwalimu akaanza kumjibu, na kwa mara ya kwanza niliona chumba kizima cha watoto kikisikiliza historia bila kulazimishwa.

Mgeni mmoja kutoka Ulaya alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu. Alimweleza mwalimu kwamba nyumbani kwake anazo mbili za aina hiyo, zilizoundwa upya kiwandani siku hizi, na angependa kujua hizi zimeagizwa kutoka kiwanda gani. Mwalimu alinitafuta katika umati, akanishika mkono, akanipeleka mbele ya mgeni huyo nikiwa na gauni langu la sikukuu na vumbi la mninga bado kwenye kucha.

Mgeni alinitazama, akazitazama bunduki, akanitazama tena. Kisha akavua kofia.

Mwezi uliofuata mwalimu na wenzake walinijia kutaka mzinga wa vita, wenye magurudumu yanayozunguka. Nimekwisha kupata mbao.